Jumatano naonana na daktari wa akili kwa mara ya kwanza, mtu anajiandaaje?

#1 Chaki Nyeupe

Habari wakuu, naingia kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Nyanda za Juu Kusini. Tangu muhula uanze silali. Saa nne naingia kitandani, usingizi unakuja vizuri tu, ila ikigonga saa tisa usiku macho kwaa! Moyo unapiga kama nimekimbizwa na mbwa, na ndiyo imetoka hiyo mpaka kunakucha. Darasani nasahau majina ya watoto niliowapokea kidato cha kwanza. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari.

Kituo cha afya nimetibiwa malaria, nikatibiwa UTI, nikatibiwa vidonda vya tumbo. Mwisho daktari mmoja kijana kafunga faili, kaniangalia, kasema "mwalimu, nakuandikia rufaa ukaonane na daktari wa akili."

Jumatano ndiyo siku. Wenye uzoefu nisaidieni: mtu anaenda na nini? Niandike karatasi au nijieleze tu? Niende na mke wangu au peke yangu? Na mle ndani wanauliza nini? Wenye matusi piteni tu kimyakimya.

#2 Bwashee wa Ubungo

Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 Kipanga Mwewe

Ticha, kanuni ni moja: usivae tai na yeboyebo kwa wakati mmoja. Hapo hata maelezo hawasikilizi, unalazwa.

#4 Chaki Nyeupe

Kipanga nilijua tu utatokea. Haya, umeshacheka, leta la maana.

#5 Mama Tatu

Hongera mwalimu kwa kukubali rufaa, wengi ile karatasi inaishia kwenye pochi.

Mimi nahudhuria kliniki hiyo miaka kadhaa sasa. ANDIKA. Usitegemee kichwa ambacho unasema chenyewe kinasahau majina ya wanafunzi. Siku yangu ya kwanza nilikaa mbele ya daktari, akauliza "mama, nini kinakusumbua", nikasema "kichwa kinauma". Basi. Yale ya kukaa bafuni nalia na bomba limefunguliwa ili watoto wasisikie, hayakutoka. Nikarudi nyumbani na dawa ya maumivu.

Mara ya pili nilikwenda na karatasi ya daftari la mwanangu. Nilishindwa hata kuisoma kwa sauti, nikamsukumia daktari mezani. Akaisoma kimya mpaka mwisho, akageuza akaangalia nyuma kama kuna mengine. Kuanzia hapo ndipo tukaanza kuzungumza.

Andika: lini ilianza, nini kilikuwa kinaendelea maishani wakati huo, unalala saa ngapi unaamka saa ngapi, unakula vipi, umepungua kiasi gani, kitu gani ulikuwa unakipenda sasa hukitaki. Na dawa zote ulizomeza, pamoja na hizo za UTI.

#6 Sista Zamu ya Usiku

Nakazia #5. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi na kliniki ya akili, hivyo nitamjibu mleta mada swali la "wanauliza nini", maana ndilo linalotisha watu.

Utaulizwa yaliyokuleta. Utaulizwa kama imewahi kukutokea huko nyuma. Utaulizwa ya kwenu: kuna ndugu aliyewahi kuugua akili, kifafa, aliyejiua? Pombe, sigara, bangi, mirungi, ugoro. Magonjwa mengine na dawa zake. Ndoa, kazi, madeni. Hamu ya tendo la ndoa pia wanauliza, usione wamekukosea adabu. Utaulizwa kama unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au unahisi kuna watu wanakufuatilia. Hayo anaulizwa kila mtu, haina maana daktari amekuona umechanganyikiwa.

Halafu utaulizwa kama umewahi kuwaza kufa au kujidhuru. Jibu ukweli. Na ngoja niliseme hapa hapa kwa yeyote anayesoma: kama hayo mawazo yapo sasa hivi, usisubiri Jumatano ya mtu yeyote. Mwambie aliye karibu, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata saa nane usiku. Wanakupokea.

#7 Mhasibu Mstaafu

Sista umesahau hesabu! Mimi niliambiwa "toa 7 kwenye 100, halafu endelea kutoa 7". 93, 86, 79... nikakwama. Miaka yote nimefunga mahesabu ya kampuni, nikakwama kwenye 79 mbele ya daktari wa umri wa binti yangu.

#8 Kipanga Mwewe

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini kampuni ilifungwa.

#9 Sista Zamu ya Usiku

Hahaha. Mzee wangu, siyo mtihani wa hesabu. Pale anaangalia umakini wako unakaa kwa muda gani. Ndiyo maana wanauliza pia leo tarehe ngapi, tuko mkoa gani, na wengine wanakupa methali uieleze. Ukiambiwa "haba na haba hujaza kibaba" ukaanza kueleza habari za kibaba cha unga tu, anaandika kitu kwenye faili.

#10 Rovu la Makambako

Nimesoma dalili za mleta mada mara mbili. Moyo mbio, kupungua mwili, kukosa usingizi. Ticha, mikono inatetemeka? Unatoka jasho wakati wenzako wamevaa makoti? Unakula vizuri lakini unakonda?

Nauliza kwa sababu dada yangu alipelekwa mpaka kwenye maombi kwa dalili hizo hizo, kumbe ni tezi ya shingo. Na si lazima rovu, ule uvimbe wa shingoni, lionekane kwa nje. Kabla hujaambiwa una sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, omba wakupime homoni za tezi. Huku kwetu milimani watu wa rovu walikuwa wengi tangu zamani, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto.

#11 Chaki Nyeupe

Rovu, mikono inatetemeka kidogo nikishika chaki, ila nikadhani ni kwa sababu sijalala. Kula sili vizuri, chakula hakina ladha. Jasho hapana, huku baridi.

#12 Nanga Kavu

Kama hali chakula vizuri basi ni sonona hiyo, siyo tezi. Tezi mtu anakula kama kawaida na bado anakonda. Na kule kuamka saa tisa, daktari wangu aliniambia mtu wa sonona mara nyingi usingizi unamkatikia alfajiri, wakati mtu wa wasiwasi hasinzii mwanzoni mwa usiku. Ticha mwenyewe kasema saa nne analala fofofo.

#13 Rovu la Makambako

Nanga, wewe ni daktari? Kuna wagonjwa wa tezi wanaopoteza hamu ya kula pia, hasa wazee. Kipimo cha damu hakina ubishi, wewe una ubishi.

#14 Ustadh Kiembe

Assalaam alaykum. Ndugu zangu mnazunguka. Mtu anayeamshwa saa tisa usiku kila siku, saa ile ile, moyo unamwenda mbio. Hilo si la hospitali peke yake. Ticha, ulihamia nyumba mpya muhula huu? Tafuta mtu mcha Mungu akusomee.

#15 Bwashee wa Ubungo

Majini nayo yana saa ya ukutani?

#16 Mwana wa Ng'ambo Bonde

Bwashee usikebehi, watu hapa wana mambo yao.

Mie natoka Unguja. Kaka yangu tulianza naye kwa kisomo na kombe, yale maji ya aya za Qurani, tukenda kwa mtu wa Pemba, khalafu ndo tukampeleka hospitali ya akili, Kidongo Chekundu. Daktari pale alituuliza wazi: mmeshampeleka wapi na kapewa nini? Mama akaona haya kusema. Mie nikasema yote, mpaka ile dawa ya majani anayochemshiwa. Yule daktari hakutucheka wala hakutukataza kisomo. Alichokataza ni yale majani, alisema hajui yana nini na hataki yakutane na dawa yake. Kisomo tukaendelea nacho, na vidonge vikaendelea. Kilichomponesha nini, nyumbani mpaka leo hawajakubaliana. Bi mkubwa anasema kombe.

Kwa hivyo ticha, kama una chupa ya miti shamba chukua na chupa yenyewe uende nayo.

#17 Dirisha la Dawa

Nafanya kazi duka la dawa. #16 umegusa penyewe, naongezea: vidonge vya usingizi. Wateja wangu wengi walioanza kukosa usingizi wanapitia kwanza kwa jirani, wanapewa diazepamu za kubahatisha bila cheti. Wiki za mwanzo unalala, baadaye mwili unazoea, ukikosa dozi usingizi unakata vibaya kuliko mwanzo, moyo mbio na mikono inatetemeka. Ticha, umewahi kumeza?

#18 Chaki Nyeupe

Ndiyo, vipo. Nilianza navyo likizo. Nameza nusu, siku nyingine kimoja.

#19 Dirisha la Dawa

Basi hilo liwe mstari wa kwanza kwenye karatasi yako. Jina la dawa, miligramu, unameza mara ngapi. Na usiviache ghafla kesho kwa sababu umesoma hapa, kuacha ghafla nako kuna hatari yake, mtu anaweza hata kupata degedege. Daktari atakupangia namna ya kupunguza.

#20 Nanga Kavu

Lakini alianza kuvimeza kwa sababu alishakosa usingizi. Kwa hiyo chanzo kilikuwepo kabla ya kidonge.

#21 Dirisha la Dawa

Kasema alianza likizo. Kasema kukosa usingizi kulianza muhula ulipoanza. Likizo ilitangulia. Soma #1.

#22 Rovu la Makambako

Duh.

#23 Chaki Nyeupe

Likizo nilikuwa na mambo mengine, kulala ilikuwa shida kidogo lakini siyo hivi. Tusifike huko.

#24 Kausha Damu Imenikausha

Ticha, sikufahamu, lakini "mambo mengine" ya mwalimu wakati wa likizo nayajua. Mkopo. Watu wanapiga simu mpaka kwa mkuu wa shule. Mimi programu za mikopo za simu zilituma picha yangu kwa watu wote niliowahifadhi, zimeniandika tapeli. Benki Kuu ilizifungia nyingi 2024 ila zilizobaki na za mtaani zinatosha kumtoa mtu usingizi saa tisa bila jini wala tezi. Nilipoonana na mshauri nasaha jambo la kwanza alilofanya ni kuandika madeni yote kwenye karatasi moja. Kidonge sikupewa.

#25 Chaki Nyeupe

Kausha Damu nakucheki inboksi.

#26 Kipanga Mwewe

Tumepata jini, tezi, kidonge, mkopo. Bado mke wa pili tu, uzi ukamilike.

#27 Wakili wa Mtaa

Kuna jambo mmelipita haraka, #6. Sista anasema "jibu ukweli" kuhusu kujiua. Wakuu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Mtu anaogopa akisema ataitiwa polisi, na ana haki ya kuogopa. Kenya na wao vivyo hivyo.

#28 Sista Zamu ya Usiku

Kosa lililoandikwa ni kujaribu, siyo kuwaza. Mtu anayemwambia daktari "huwa natamani nisiamke" hajavunja sheria yoyote. Anaulizwa ili apangiwe ulinzi: nani wa kukaa naye, sumu ya panya na dawa za mifugo zitoke nyumbani, arudi baada ya siku chache badala ya mwezi. Nimekaa kwenye hivyo vyumba, sijawahi kuona daktari akiacha kuuliza eti kwa kuogopa sheria.

#29 Mwananyali Msa

Wakili umepitwa na wakati kuhusu Kenya. Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilisema kifungu cha 226, kile cha kujaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Huku kwetu watu walishangilia.

Mimi niko Mombasa, nilianzia Port Reitz, pana wodi na kliniki ya akili. Watu hudhani lazima upande gari hadi hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Na msichana wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, "wewe ni wa saikatria?" mbele ya foleni nzima. Hilo jiandaeni nalo kuliko maswali ya daktari.

#30 Wakili wa Mtaa

Nashukuru kwa hiyo ya 226, nitaitafuta hukumu. Ila ya kwetu 217 ipo palepale, na Sista hajanijibu kuhusu aliyekwisha kujaribu akaletwa hospitali.

#31 Sista Zamu ya Usiku

Aliyeletwa tunamtibu kwanza. Mengine waulize waliotunga hiyo sheria.

#32 Bwashee wa Ubungo

Swali la kitoto: akienda, hawawezi kumshika wakampeleka Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma? Maana ile iliachwa na Wajerumani, kuta zenyewe ukiziona...

#33 Mgogo Asilia

Mirembe ya Wajerumani gani? Imefunguliwa 1927, Waingereza walishakuwa wanatawala. Ya wamisionari wa Kijerumani ni Lutindi, kule Korogwe, mkoa wa Tanga. Sisi tumekulia Dodoma tunatukanwa "umetoroka Mirembe" kila tukivuka Gairo, angalau historia muijue.

Na hakuna kushikwa. Mtu aliyekwenda kwa miguu yake, anajieleza, anatibiwa anarudi kwake. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inatenganisha anayekubali mwenyewe na anayelazimika kulazwa kwa hatari. Wengi wanaokuja pale kliniki wanatoka na dawa wanawahi basi.

#34 Kipanga Mwewe

Mgogo, ulikuwa upande gani wa ukuta?

#35 Mgogo Asilia

Upande wa kuuza karanga, bwana mdogo. Na wewe ungekuja ningekuuzia.

#36 Baba Neema

Mleta mada aliuliza kuhusu mke na wote mmelikwepa. Nenda naye. Mimi kwenye kliniki nilijieleza vizuri, nikasema nalala, nakula, nafanya kazi. Mke wangu akaomba kuongea. "Daktari, huyu amegawa mbuzi wote kwa majirani, na usiku anachora ramani ya kujenga hoteli." Mimi nilikuwa najisikia vizuri kupita maisha yangu yote, ningesema nini? Bila yeye ningeandikiwa dawa ya kuchangamsha, na kwa ugonjwa wangu wa hisia kupanda na kushuka ile ingenirusha juu zaidi.

#37 Mama Tatu

Baba Neema, kwako ni sawa. Kwangu mume ndiye alikuwa sehemu ya tatizo. Nilienda naye, akajibu kila swali nililoulizwa mimi. "Huyu ana hasira tu daktari." Mpaka yule daktari akamtoa nje kistaarabu, kamwambia akachukue namba ya maabara.

Mwalimu, nenda naye akae benchi la nje. Ingia peke yako kwanza, kisha mwambie daktari kama unataka aitwe. Yeye ndiye anajua unavyoamka usiku, labda hata unakoroma mpaka pumzi inakata, wewe hujui.

#38 Nanga Kavu

Na hiyo ya kukoroma ni sababu nyingine kabisa ya kuamka na moyo mbio. Sikuitaja ili Rovu asikasirike.

#39 Rovu la Makambako

😂 Nimeona.

#40 Kahawa ya Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Mimi nilianzia kwa daktari wa kawaida hapa mtaani, nikapewa fomu ya maswali 9 kabla hata ya kuonana na mtu. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huna tumaini, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, kutulia kwenye jambo moja, kwenda polepole au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kila swali 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Ipo kwa Kiswahili pia. Ticha unaweza kuijaza mwenyewe nyumbani ukaenda nayo, ila haikupi jina la ugonjwa. Mtu wa tezi anaweza kupata alama nyingi tu, kwa hiyo Rovu na Nanga wote mna haki ya kuendelea kugombana.

Kwa walioko huku: mna haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, hulipi. Mimi niliogopa, maana Waswahili wa hapa tunajuana, leo mkalimani kesho mko naye harusini. Nikaomba wa simu, atoke mji mwingine. Wakakubali. Sauti ilikuwa ya mama wa Kikongo, Kiswahili chake na changu tulielewana kwa kusukumana, lakini nilisema mambo ambayo kwa Kiingereza nisingeyaweza.

#41 Dakika Tano

Mnampamba sana huyu mwalimu. Hospitali moja ya mkoa, siitaji, mimi nilikaa benchi tangu saa moja asubuhi, nikaingia saa saba mchana, nikatoka saa saba na dakika tano. "Unalala? Hulali. Kunywa hii usiku." Amitriptilini. Karatasi niliyoandika ikabaki mfukoni. Huko Leicester mtu anaombewa mkalimani, huku hata jina lako hawalitaji vizuri.

#42 Sista Zamu ya Usiku

Pole. Hiyo ipo, siwezi kuipinga. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno na siku ya kliniki foleni inafika getini. Mara nyingi maelezo marefu yanachukuliwa na mtu mwingine kabla, daktari anasoma faili.

#43 Dakika Tano

Faili langu lilikuwa jipya, halikuwa na kitu cha kusoma.

#44 Mhasibu Mstaafu

Mimi naona wanaharakisha kwa sababu mgonjwa wa maongezi halipi. Kipimo kinalipiwa, dawa inalipiwa, kuongea saa nzima nani analipia? Angalieni bima inavyolipa.

#45 Mwananyali Msa

Au ni kwa sababu sisi wenyewe tukiingia tunasema "kichwa", kama Mama Tatu alivyosema. Daktari akiambiwa kichwa atakaa saa nzima na kichwa?

#46 Mama Tatu

Mwananyali, nilisema kichwa kwa sababu kilikuwa kinauma kweli.

Ila Dakika Tano, karatasi usiiache mfukoni. Itoe kabla hujakaa, iweke mezani juu ya faili. Na uliza mambo haya hata kama anaandika huku hakuangalii: dawa hii inaitwaje, inaanza kufanya kazi lini, itanifanya nini kabla ya hapo, narudi lini. Nyingi za sonona zinachukua wiki 2 mpaka 4 kuanza kuonekana, wengine 6, na maudhi yanatangulia. Mimi mdomo ulikauka mpaka ulimi ukagandia. Nisingeambiwa ningeitupa chooni wiki ya kwanza.

#47 Ndoto za Usiku

Naomba kuuliza kwa hili jina la siri. Natumia dawa za kufubaza VVU. Nazo niseme kliniki ya akili?

#48 Sista Zamu ya Usiku

Ndiyo, bila kuficha. Zile za zamani zenye efavirenzi zilikuwa zinaleta ndoto za kutisha na huzuni kwa baadhi ya watu. Hizi za sasa zenye dolutegraviri nazo zinaweza kukata usingizi, wengi wakihamisha muda wa kumeza kwenda asubuhi wanapata nafuu. Usihamishe mwenyewe, ongea na kliniki yako. Na baadhi ya dawa za kifafa na za kutuliza hisia zinagongana na hizo, ndiyo maana daktari lazima ajue.

#49 Ndoto za Usiku

Asante dada.

#50 Mwalimu Mwenzio

Ticha, la kazini. Utahitaji ruhusa ya mkuu wa shule na ukitoka huko pengine utapewa ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazini. Uliza kabla hawajaijaza wanaandika nini, maana kwenye ofisi yetu karatasi inapita mikono ya kila mtu hadi mpika chai. Unaweza kumwomba daktari aandike siku za mapumziko bila kuandika idara kwa herufi kubwa. Kuhusu bima, beba kadi na ile karatasi ya rufaa yenyewe, siyo picha kwenye simu. Huna bima na huna uwezo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla hujakata tamaa kwenye dirisha la malipo.

#51 Chaki Nyeupe

Wakuu, Jumatano imepita. Natoa mrejesho mfupi maana nina madaftari ya kusahihisha.

Nilienda na mke, alikaa nje, baadaye akaitwa. Niliweka karatasi mezani. Daktari hakunicheka. Nimeulizwa methali kweli, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", nikaanza kuieleza kama niko darasani mpaka akaniambia inatosha mwalimu. 100 toa 7 nilifika 65.

Kanichukua damu: wingi wa damu, sukari, tezi, na vingine. Damu iko chini kidogo. Ya tezi inapelekwa kwingine, majibu bado. Vidonge vya usingizi kanipangia ratiba ya kushuka kidogo kidogo. Dawa ya sonona hajanipa, kasema kwanza tuone. Kanipangia pia mshauri nasaha, na huyo ndiye niliyeongea naye muda mrefu, ya likizo yametoka yote. Mke wangu katoa jipya: kumbe nakoroma.

#52 Rovu la Makambako

Kapima tezi! Nilisema.

#53 Nanga Kavu

Anakoroma! Nilisema. Halafu kupima tezi siyo kuwa na tezi.

#54 Dirisha la Dawa

Ratiba ya kushuka. Sisemi kitu.

#55 Ustadh Kiembe

Alhamdulillah. Bado hajajibu kama alihamia nyumba mpya.

#56 Chaki Nyeupe

Ustadh, nilihamia. Nyumba ya shule, karibu na kanisa, kengele inalia saa kumi na moja. Saa tisa hakuna kinacholia.

#57 Bwashee wa Ubungo

Damu pungufu nayo mtu akaipigie debe, naona imekosa wakili.

#58 Msafiri wa Singida

Nimesoma uzi wote. Mama yangu mzee anaongea na marehemu baba kila jioni, anamwekea sahani. Hataki kusikia hospitali, anasema yeye haumwi. Nimuandae vipi?

#59 Mwana wa Ng'ambo Bonde

Tangu baba afariki muda gani? Na mchana ni mzima, anakumbuka watu, anapika, hapotei njia?

#60 Msafiri wa Singida

Mwaka jana. Mchana yuko vizuri, ila juzi kaunguza sufuria mara mbili na kaniita kwa jina la mjomba.

#61 Sista Zamu ya Usiku

Hilo la sufuria na majina ndilo la kuandika, sahani ya baba iache kwanza. Usimwambie anaenda kwa daktari wa akili, wala usimdanganye. Anaenda kupimwa presha, macho na kusahau, na hayo yote kweli yanahitaji kupimwa kwa umri wake. Fungua uzi wako, huu wa mwalimu una wagomvi wengi.

#62 Kipanga Mwewe

Akifungua nitagieni.